Fishi inayopata moto: kosa liko wapi, na nini kifanyike kabla nyumba haijaungua

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia kuna prizi moja ambayo familia yote inaijua. Ina doa la kahawia pembeni ya tundu moja. Ili birika la umeme liwake, lazima fishi isukumwe upande au iegemezwe na kitu. Watoto wamekatazwa kuigusa, watu wazima wameizoea, na mgeni akiuliza anaambiwa kwamba iko hivyo tu.

Prizi hiyo haiko hivyo tu. Imeanza kuungua, polepole, kila mara chakula kinapopikwa au nguo zinapopigwa pasi. Doa la kahawia ni plastiki iliyochomwa kutoka ndani. Na katika mitaa yenye nyumba za mbao zilizobanana, kama ilivyo sehemu nyingi za Kadutu mjini Bukavu, wakaaji wanajua vizuri kwamba moto ulioanza katika chumba kimoja hausimami kwenye chumba hicho.

Mara nyingi lawama ya kwanza hutupwa kwa umeme wenyewe: unapanda, unashuka, ni mkali, ni mbaya. Lawama ya pili huenda kwa chombo: birika la bei rahisi, resho isiyofaa. Lakini fishi ikipata moto kuliko waya wake, kosa karibu kila mara liko palepale inaposhikana na prizi: chuma hakigusi chuma sawasawa. Hilo ni kosa ambalo mtu anaweza kulitambua kwa macho, kwa pua na kwa mkono, na ambalo kulitengeneza mapema hugharimu kidogo sana kuliko kununua frigo mpya au kujenga nyumba upya.

Joto linatoka wapi

Meno ya fishi yakiingia katika prizi, yanabanwa na vipande vidogo vya shaba vyenye nguvu ya kurudi, kama kibano cha nguo. Mtu anaweza kufikiri kwamba jino lote linagusa kibano chote. Sivyo. Hata chuma kinachoonekana laini kina mabonde na vilima vidogo visivyoonekana kwa macho, na umeme hupita tu pale vilima hivyo vinapokutana. Kibano kikiwa na nguvu, sehemu za kukutana ni nyingi. Kikilegea, zinabaki chache, na umeme wote unalazimishwa kupita katika njia hizo nyembamba. Hapo ndipo joto linazaliwa.

Hesabu yake ni rahisi. Birika la wati 2000 kwenye umeme wa volti 220 linavuta karibu ampea 9. Joto linalotokea mahali pa kushikana ni ampea mara ampea, mara ukinzani wa mahali hapo. Prizi nzuri ina ukinzani mdogo kiasi kwamba joto lake halisumbui. Kibano kikilegea hadi ukinzani ufike sehemu moja ya kumi ya omu, mahali hapo panatoa wati 8. Ukifika nusu ya omu, panatoa zaidi ya wati 40. Hiyo ni nguvu ya pasi ndogo ya kulehemu ya mafundi wa redio, ambayo huyeyusha risasi. Tofauti ni kwamba hii imefungiwa ndani ya plastiki, ukutani, nyuma ya kabati au kitanda.

Ubaya mwingine ni kwamba kosa hilo linajilisha lenyewe. Joto linadhoofisha nguvu ya kibano, na shaba iliyopashwa inafanya ngozi nyeusi isiyopitisha umeme vizuri. Kwa hiyo ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka, kibano kinazidi kulegea. Ndiyo maana prizi iliyokuwa vuguvugu wakati wa Noeli inaweza kuwa nyeusi kabla ya Pasaka, na hakuna aliyebadilisha kitu chochote.

Kwa nini dijonkteri haikati

Wengi hujipa moyo kwamba kama kungekuwa na hatari, dijonkteri ingekata. Hapa ndipo watu wanadanganyika. Dijonkteri ya kawaida hukata inapoona ampea nyingi kupita kiasi chake, au waya mbili zikigusana. Birika la ampea 9 lililo kwenye prizi iliyolegea bado linavuta ampea 9, au hata pungufu kidogo. Kwa dijonkteri ya ampea 16, kila kitu ni sawa. Plastiki inaweza kuyeyuka mbele ya macho ya wenye nyumba bila dijonkteri kujua.

Hata ile inayolinda watu dhidi ya umeme unaovuja kwenda ardhini haioni kosa hili, kwa sababu hakuna umeme unaovuja. Unapita njia yake ya kawaida, ila njia hiyo imekuwa mbaya. Kwa maneno mengine, mlinzi wa kwanza wa prizi iliyolegea ni mtu anayekaa ndani ya nyumba.

Ni mbaya zaidi pale dijonkteri inapokata kwa haki, kwa kuwa vyombo vimezidi, na dawa inayotafutwa ni kuweka ya ampea 32 mahali pa ile ya 16, au kufunga fizibo kwa waya wa shaba. Tangu saa hiyo waya wa ukutani ndio unageuka kuwa fizibo. Utaungua wenyewe kwanza.

Umeme wa chini unahusika namna gani

Ni kweli kwamba katika miji mingi ya mashariki volti hazitulii. Saa za jioni, watu wote wakipika, taa zinafifia. Je, hilo ndilo linalopasha fishi moto?

Kwa vyombo vya kupasha tu, kama birika, resho na pasi, jibu ni hapana. Umeme ukishuka kutoka volti 220 hadi 160, birika la wati 2000 linavuta karibu ampea 6,6 badala ya 9, na nguvu yake inashuka hadi kama wati 1060. Maji yatachelewa kuchemka karibu mara mbili, lakini fishi inapaswa kuwa baridi zaidi. Ikiwa inachoma hata wakati huo, kosa limekwisha kuwa kubwa.

Kwa vyombo vyenye motere, kama frigo, konjelateri na pampu ya maji, mambo ni tofauti. Motere inayoshindwa kuanza kwa sababu ya umeme mdogo huvuta ampea nyingi, inajaribu, inasimama, inajaribu tena. Kila jaribio linapita kwenye fishi ileile. Hapo stabilizateri inasaidia frigo, lakini haiponyeshi prizi iliyolegea. Na stabilizateri nayo ina fishi yake ya kuangaliwa.

Vilevile, kubadili kampuni hakubadili prizi. Tangu sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ifungue sekta ya umeme kwa kampuni za binafsi, mkaaji wa Goma anaweza kupata umeme kutoka SNEL, Virunga Energies au Nuru, kulingana na mtaa wake. Umeme uwe wa maji ya Ruzizi, wa Matebe au wa jua, ukifika ndani ya nyumba unapita kwenye prizi ileile ya zamani.

Kutafuta kosa: macho, pua, kisha mkono

Fundi mwenye uzoefu hakimbilii kufungua chombo. Anaanza na kuuliza maswali matatu: kinachopata moto ni nini, ni upande gani, na tangu lini?

Kwanza, macho. Zima chombo, chomoa fishi, uiangalie mchana. Meno yake yanapaswa kung'aa. Jino lenye rangi ya buluu, kahawia au nyeusi limechomwa. Jino lenye vishimo vidogo limepigwa na cheche. Plastiki iliyovimba au iliyopinda kuzunguka jino inaonyesha kwamba joto limefika mbali. Angalia pia uso wa prizi: doa likiwa upande mmoja tu, kosa liko kwenye kibano cha upande huo au kwenye skrubu ya nyuma yake.

Pili, pua na masikio. Aina fulani za plastiki zinazotumiwa katika prizi, zikipashwa sana, hutoa harufu inayofanana na samaki aliyeharibika. Ikiwa chumba kinanuka hivyo na hakuna sambaza jikoni, usifagie, tafuta prizi. Sauti ndogo kama ya mafuta yanayokaanga, redio inayokwaruza wakati pasi inawaka, au taa inayopepesa fishi ikiguswa, yote yanasema jambo moja: kuna cheche ndani.

Tatu, mkono, kwa uangalifu. Acha chombo kifanye kazi dakika kumi na tano huku mtu akikaa karibu. Kizime, kata umeme kwenye dijonkteri, kisha gusa mgongo wa fishi, halafu waya wake kwa urefu wote. Uvuguvugu kidogo ni wa kawaida kwa chombo kikubwa. Kanuni za kimataifa za kupima prizi na fishi haziruhusu sehemu za kukazia waya zipande zaidi ya digrii 45 juu ya joto la chumba, na waya nyingi za nyumbani zina ngozi ya plastiki inayovumilia digrii 70. Ikiwa mkono hauwezi kutulia juu ya fishi kwa sekunde chache, mpaka umepitwa. Usiendelee kutumia.

Sasa linganisha. Fishi ya moto na waya baridi ni ushahidi wa mahali pabaya pa kushikana. Waya wenye joto sawasawa kwa urefu wake wote unaonyesha kwamba waya ni mwembamba kuliko kazi uliyopewa. Joto likiwa kwenye jino moja tu, tafuta skrubu iliyolegea au kibano kilichokufa upande huo.

Frigo inatoa ushahidi mwingine. Frigo ya nyumbani ya wati 150 haifikii hata ampea moja ikiwa inazunguka kawaida. Haina nguvu ya kupasha fishi nzuri. Kwa hiyo fishi ya frigo ikipata moto, usingoje vipimo vingine: kuna kosa kubwa mahali pa kushikana, au motere inahangaika.

Ili kujua kama kosa ni la fishi au la prizi, wengi huhamisha chombo kwenye prizi nyingine. Joto likihama pamoja na fishi, fishi ndiyo mgonjwa. Likibaki na prizi hata kwa chombo kingine, ni prizi. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kina sharti moja: meno ya fishi yawe bado safi. Jino lililochomwa lina ngozi mbaya na vishimo vinavyoharibu kibano cha kila prizi linamoingia. Mtu anayezunguka na fishi nyeusi akitafuta mahali itakapokubali, anaambukiza nyumba yote. Fishi ya namna hiyo haijaribiwi, inakatwa.

Makosa yanayorudi mara nyingi

Kosa la kwanza ni kuchanganya aina za fishi. Nchini Congo prizi nyingi ni za matundu mawili ya mviringo. Lakini vyombo vingi vinavyoingia kupitia Kasindi na Bunagana kutoka Uganda, au vinavyonunuliwa Dubai, vina fishi ya Kiingereza yenye meno matatu bapa. Kati ya hivyo viwili huwekwa adapta. Adapta nyingi za matundu ya kila aina zina vibano vyembamba vinavyojaribu kushika kila jino na havishiki lolote kwa nguvu. Kwa chaja ya simu hakuna shida. Kwa resho au birika, adapta ya namna hiyo ndiyo sehemu ya kwanza kuyeyuka. Ni afadhali kukata fishi ya Kiingereza na kufunga nyingine nzuri inayofaa prizi ya nyumba. Ila ile ya Kiingereza ilikuwa na fizibo yake ndani. Kwa hiyo dijonkteri ya nyumba lazima iwe ya kiasi kinachofaa.

Hata kati ya fishi za mviringo kuna tofauti. Zile nyembamba za chaja na redio zina meno ya milimita 4. Zile nene za vyombo vikubwa zina milimita 4,8. Jino nene likisukumwa kwa nguvu katika prizi ya zamani iliyotengenezwa kwa jino jembamba, kibano kinapanuka na hakirudi. Siku inayofuata chaja ya simu inacheza ndani ya tundu, na watu wanashangaa.

Kosa la pili liko ndani ya fishi zinazofungwa kwa skrubu. Nyuzi za waya zinakatwa nusu ili ziingie, au skrubu inakaza juu ya plastiki badala ya shaba. Wengine hupaka risasi kwenye ncha ya waya kabla ya kukaza, wakidhani wanaimarisha kazi. Wanaiharibu. Risasi ni laini. Ikibanwa na kupashwa inatambaa polepole, na skrubu iliyokuwa imekaza inabaki inacheza. Nyuzi zisokotwe kwa mkono, zikunjwe mara mbili zikiwa chache, kisha zikazwe zikiwa shaba tupu.

Kosa la tatu ni waya wa uongo. Sokoni kuna waya unaong'aa kama shaba, lakini ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Aluminiamu ina ukinzani wa karibu mara 1,6 ya shaba, inavunjika haraka, na inalegea chini ya skrubu. Njia ya kuutambua ni kukwangua ncha kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, si shaba. Uzito pia unasema. Roli nyepesi kupita kawaida inatia shaka.

Kosa la nne ni multiprizi iliyogeuzwa jiko. Resho ya wati 1500, pasi ya wati 1200 na birika la wati 2000 vikiwaka pamoja ni wati 4700, yaani zaidi ya ampea 21. Multiprizi nyingi za bei ndogo zimeandikwa ampea 10, ambayo kwa volti 220 ni wati 2200. Birika peke yake limekwisha kuimaliza. Kuwa na matundu sita hakumaanishi nguvu ya prizi sita. Umeme wote unapita kwenye fishi moja, na fishi hiyo ndiyo inayolipa deni.

La tano ni ralonji iliyokunjwa. Waya uliozungushwa kwenye roli hauna njia ya kutoa joto lake. Ndiyo maana ralonji nzuri huandikwa viwango viwili vya wati: kimoja kikubwa ikiwa imefunguliwa yote, kingine kidogo ikiwa imekunjwa. Ralonji inayopita chini ya mkeka au kapeti ina ubaya uleule.

Kutengeneza: pande mbili pamoja

Makosa mengi ya matengenezo yanatokana na uchumi mbaya. Fishi imeungua, inanunuliwa fishi mpya, inaingizwa katika prizi ileile iliyoiunguza. Baada ya wiki chache nayo imeungua. Mwenye nyumba anasema fishi za siku hizi ni za plastiki mbaya. Kumbe kibano kilichochoka kilikuwa kinamngoja ukutani.

Kanuni ni hii: ikiwa upande mmoja umeungua, badilisha pande zote mbili siku moja. Kupiga msasa jino lililoungua kunaondoa weusi, lakini hakurudishi ngozi yake nzuri wala nguvu ya kibano. Kubana vibano kwa koleo kunasaidia siku chache tu, kwa kuwa shaba iliyopashwa imepoteza ukali wake. Kufunga plasta juu ya prizi iliyopasuka kunaficha joto na kuzuia wenye nyumba wasione doa.

Anayebadilisha prizi aanze kwa kukata umeme, sio kwenye swichi ya taa bali kwenye dijonkteri kuu, na apime kwa turnevisi ya kupimia kabla ya kugusa. Turnevisi hiyo nayo ijaribiwe kwanza kwenye prizi inayojulikana kuwa na umeme, isije ikawa imekufa. Nyuma ya prizi ya zamani, waya uliopashwa unakuwa mgumu na mweusi. Ukatwe nyuma hadi shaba ionekane nyekundu na ngozi yake iwe laini. Ikiwa waya umekuwa mfupi, usivutwe kwa nguvu. Uongezwe ndani ya boksi kwa domino nzuri, au ubadilishwe. Kila waya ukishakazwa, uvutwe kwa mkono. Ukitoka, haukuwa umekazwa.

Kwa prizi ya jikoni, waya wa shaba wa milimita mraba 2,5 wenye dijonkteri ya ampea 16 unabeba hadi wati 3500 hivi. Resho au birika viwe na prizi yao ukutani, bila adapta wala multiprizi, na viwili visiwashwe kwa pamoja kwenye mstari mmoja. Asiye na uzoefu wa kufungua umeme amwite fundi, na asione haya kumwomba aonyeshe kilichotolewa: prizi iliyoungua inaeleza yenyewe.

Wakati wa kununua, peleka fishi yako dukani. Iingize katika prizi mpya na kuichomoa. Prizi nzuri inaishika, inadai nguvu kidogo kutoka. Inayoiachia kama kisu kwenye siagi ibaki dukani. Tafuta maandishi ya ampea 16 na volti 250, lakini usiyaamini peke yake, kwani maandishi huigwa. Vibano vinene, kiti cha udongo mweupe au plastiki ngumu isiyopinda kwa kidole, na skrubu zinazozunguka bila kuteleza, hivyo ni vigumu kuviiga.

Umeme ukikatika na kurudi

Katika miji ambako umeme hukatika bila taarifa kuna hatari nyingine. Mama anapiga pasi, umeme unakatika, anaweka pasi chini na kwenda sokoni. Fishi imebaki ukutani. Umeme unarudi saa nne baadaye, nyumba imefungwa. Vyombo vyote vya mtaa vinaamka kwa wakati mmoja, frigo zinavuta kwa nguvu, na prizi iliyolegea inapata kazi yake ngumu zaidi wakati hakuna mtu wa kusikia harufu.

Desturi inayofaa ni fupi: umeme ukikatika, chomoa kila kitu kinachopasha, acha taa moja tu iwe shahidi wa kurudi kwake. Frigo irudishwe dakika chache baada ya umeme kutulia. Na chombo kizimwe kwa swichi yake kabla ya kuchomolewa. Kuchomoa birika linalowaka kunapiga cheche kwenye jino, na kila cheche inaacha kishimo.

Wanaotumia sola wasidhani wameepuka. Kwenye betri ya volti 12, kigeuzi kinachotoa wati 1000 kinavuta zaidi ya ampea 83, mara tisa ya birika. Karanga iliyolegea juu ya kichwa cha betri inaweza kuyeyusha risasi ya betri yenyewe. Vichwa hivyo viguswe na kukazwa kila mwezi, kama prizi.

Ikianza kutoa moshi

Usikimbilie kuchomoa fishi kwa mkono mtupu. Plastiki iliyoyeyuka inashikamana na ngozi, na chuma kinaweza kuwa wazi. Kata umeme kwanza kwenye dijonkteri kuu. Usimwage maji kabla umeme haujakatwa. Moto mdogo ufunikwe kwa mchanga mkavu au kizimamoto cha unga. Ikiwa dijonkteri haifikiki au ukuta wa mbao umeshaanza kuwaka, toa watu, waamshe majirani, kisha vitu vifuate ikiwa muda upo. Prizi iliyotoa moshi mara moja haiwashwi tena, hata ikionekana imepoa.

Nani alipe?

Swali hili ndilo linaloacha prizi nyingi zikiungua. Kwa kawaida kazi ya kampuni ya umeme inaishia kwenye konteri. Kinachofuata ni cha mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba hakai humo, na mpangaji anaona si haki kutengeneza ukuta wa mtu mwingine. Katika parseli ambazo familia tano au sita zinakula kwenye konteri moja, kila mmoja ameongeza waya wake, na hakuna anayejiona mwenye mali.

Hesabu ya busara ni kukubaliana mapema: prizi za ukutani ni za mwenye nyumba, fishi na ralonji ni za mpangaji, na bei ya prizi iliyobadilishwa ikatwe kwenye kodi ya mwezi, kwa karatasi iliyotiwa sahihi. Familia zinazogawana konteri zinaweza kuchangia fundi mmoja kupitia vyumba vyote siku moja. Moto ukitoka chumba cha mmoja, hautauliza nani alikuwa amelipa.

Mpaka makubaliano hayo yafike, kuna jambo ambalo halingoji mtu yeyote. Asubuhi ya salongo, kabla ya kushika fagio, kila nyumba ivute kabati, ichomoe fishi ya frigo na ya resho, na iangalie meno yake mchana. Yanayong'aa yarudi ukutani. Yaliyobadilika rangi yasirudi, na tundu yalimotoka lisitumiwe tena hadi libadilishwe.